Majina Tuliyoyarithi: Matembezi ya Mtwapa, Kilifi na Malindi



Skuli zikifungwa mwezi wa Agosti au Disemba, nyumba zetu za Mombasa huwa hazikaliki. Watoto wataka kutembea. Mama atapika mahamri na viazi vya karai tangu usiku, baba ataafikiana na mwenye matatu, na siku ya Jumamosi baada ya sala ya Alfajiri watu watapakiana mpaka milangoni, waende zao Mtwapa, Kilifi, Watamu au Malindi. Na jamaa zetu wa Malindi nao hufunga safari kuja Mombasa, wakafikia Kisauni, Majengo au Changamwe, wakakaa wiki nzima. Kutembea si haramu, na kuwafurahisha watoto ni katika mema. Sikukusudia kukukataza wala kukuharibia siku yako. Nataka kukuuliza jambo moja tu: huko uendako, wakujua?

Usinijibu upesi. Mimi pia ningalijibu kuwa nakujua, maana tangu ujana wangu nimekwenda Mtwapa mara nisizoweza kuzihesabu, na bibi yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakuchoka kutuambia, "Nyinyi ni Wamtwapa." Tulilichukua neno hilo kama mtu achukuavyo jina lake, ambalo huitika akiitwa wala haulizi lina maana gani.

Basi na tuanze na majina. Wenyeji wa Mombasa ya zamani walikuwa wamepangika makundi mawili. La kwanza ni Thelatha Taifa, yaani mataifa matatu: Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. La pili ni Tisa Taifa: Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Washaka, Wapaza, Wagunya na Wakatwa. Jumla yao ni kumi na mbili, na wako wazee mpaka leo wakwambiao taifa la fulani na la mkewe bila ya kusitasita. Yasome tena majina hayo polepole. Utaona kwamba mengi ni majina ya mahali kabla ya kuwa majina ya watu. Ni miji iliyovunjika, au iliyopungukiwa na watu, na watu wake wakaja kukaa kisiwani Mombasa, wakaingia na jina la mji wao kama mtu aingiavyo na tandiko lake.

Kwa hivyo wewe ambaye ni Mkilifi au Mmtwapa, unapomwambia mtoto, "Kesho twaenda kutembea Kilifi," kwa kweli unamwambia kwamba kesho mnarudi nyumbani kwa babu wa mababu.

Hata vitongoji vya mji vimo katika hisabu hiyo. Kilindini, ambako leo ni meli na makontena, palikuwa na mji kabla hakujawa na gati hata moja. Changamwe watu waijua kwa reli, na kwa kiwanda cha kusafishia mafuta kilichofunguliwa mwaka 1963 kikasimama mwaka 2013. Uwanja wa ndege nao uko upande huo huo, na mgeni atokaye Nairobi au Ulaya akishuka ngazi ya ndege, mguu wake wa kwanza waanguka katika nchi ya Wachangamwe. Jomvu wengi twaipita tukienda Mazeras, na hatutazami upande.

Tuvuke sasa twende kaskazini. Daraja la Nyali la kwanza, lililoelea juu ya maboya, lilifunguliwa mwaka 1931, na hili la saruji tulitumialo lilifunguliwa mwaka 1980. Ukishavuka tu, kabla hujafika Kongowea sokoni, kuna mahali makondakta hupaita Kengeleni. Waulize watoto garini kengele hiyo ni ya nani. Ni ya Frere Town, kijiji kilichowekwa na wamisionari wa Kiingereza mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru, kikapewa jina la Sir Bartle Frere, yule aliyetumwa Zanzibar mwaka 1873 kutaka biashara ya watumwa ifungwe. Kengele ingalipo. Najua wengine watasema, "Hayo ni ya wamisionari, yatuhusu nini?" Yatuhusu, msomaji. Mtu hawezi kuwa huru katika Kisauni ila awe alikuwa mtumwa wa mtu mahali fulani, na mwenye kummiliki mara nyingi alikuwa mtu wa dini yetu na wa lugha yetu. Nitalirudia jambo hili tukifika Malindi. Kwa sasa gari laenda.

Mtwapa. Hapa ndipo moyo wangu ulipo, na hapa ndipo ninapoona haya. Leo ukisema mjini kwamba unakwenda Mtwapa, watu hukutazama kwa jicho la pembeni, kwani sifa yake siku hizi ni baa na ngoma za usiku kucha. Namjua mama mmoja, Mmtwapa wa kuzaliwa pande zote mbili, aliyewakataza wanawe wasikanyage huko kabisa. Simlaumu, mama na wanawe. Lakini fikiri: jina ambalo bibi yangu alilitamka akiwa ameinua kichwa, leo wajukuu wake hulitamka wakicheka.

Zamani, kabla ya daraja, hori la Mtwapa lilivukwa kwa pantoni iliyovutwa kwa mikono, na wavutaji wakiimba. Hapo hapo ukingoni, upande wa kaskazini wa maji, ndipo mji wa kale wa Mtwapa ulipo, umefunikwa na miti. Ulikuwa na msikiti wa Ijumaa, nyumba za mawe kwa makumi, visima na makaburi, na watu waliishi humo mpaka karne ya 18. Mtaalamu wa mambo ya kale, Profesa Chapurukha Kusimba, Mkenya, aliufukua kwa miaka mingi kuanzia miaka ya 1980. Na mwezi wa Machi mwaka 2023 yeye pamoja na wenzake walitoa khabari ambayo ingelifaa isomwe katika kila nyumba ya pwani. Walipima mifupa ya watu wa zamani wapatao 80, wengi wao wa miji ya pwani, Mtwapa ikiwamo, pamoja na Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara, ili kujua asili yao. Waliona kwamba asili ya akina mama zao ilikuwa takriban yote ni ya hapa hapa Afrika, na kwamba asili ya baba zao wengi ilitoka pande za Uajemi, na kuchanganyika huko kulianza karibu na mwaka 1000.

Wako waliofurahi wakasema, "Mwaona, sisi ni Washirazi!" Na wako waliofurahi wakasema, "Mwaona, nyinyi ni Waafrika!" Kila mmoja alisoma nusu ya ukurasa. Mimi nilipoisoma nilimkumbuka bibi yangu, ambaye nasabu ya baba yake aliitaja mpaka watu saba, na ya mama yake hakuitaja ila mmoja. Hao mama waliosahauliwa ndio waliotupa lugha hii ninayokuandikia, maana sarufi yake si ya Uajemi.

Ukitoka Mtwapa mjini, mbele kidogo kuna njia iingiayo kulia kuelekea baharini, ifikayo Jumba la Mtwana. Mji huu ulistawi karne ya 14 na ukahamwa mwanzo wa karne ya 15. Jina lake la asili limepotea. Hili tulitumialo laonyesha kwamba baadaye watu walipanasibisha na mtwana, yaani mtumwa mwanamume. Una misikiti minne. Fikiri, mji uuzungukao kwa miguu kabla sigara ya dereva haijaisha, na ndani yake misikiti minne! Kuna nyumba iitwayo Nyumba ya Milango Mingi, na wataalamu wanadhani ilikuwa ya kupangisha wageni, kila mgeni na chumba chake na mahali pake pa kuogea. Kumbe hoteli za pwani hazikuanza na Wazungu.

Msikiti ulio karibu na bahari ndio nisioweza kuusahau. Nje yake kuna birika la kutawadhia, na karibu nalo mawe ya matumbawe yaliyowekwa ili mtu asugue nyayo zake kabla hajaingia. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 na kulala usiku mmoja, aliandika kwamba kila msikiti ulikuwa na kisima mlangoni, na kwamba atakaye kuingia huosha miguu yake kwanza kisha huifuta kwa mkeka mzito uliowekwa hapo. Akawasifu watu wake kwa dini na amana. Mtu anaweza kusema kwamba wasafiri hupamba maneno. Lakini nenda Jumba, uyaone mawe hayo yamelika kwa nyayo, kisha urudi useme.

Nilikwenda huko na wajukuu wangu wawili. Mlangoni tulikata tikiti, na yule mdogo aliniuliza, "Babu, kwetu twalipa kuingia?" Nilimwambia anyamaze. Akatupokea kijana mmoja wa Kigiriama, si Mwislamu, kazi yake ni kutembeza wageni. Alitupeleka msikitini, akatuonyesha mihrabu, akatuambia kibla kimeelekea wapi na kwa nini. Akatuonyesha kaburi lililoandikwa kwa Kiarabu aya ya Surat Aal Imran itukumbushayo kwamba kila nafsi itaonja mauti. Akatuonyesha chumba cha pembeni kinachoaminiwa kuwa kilikuwa cha kinamama kusalia. Alitwambia mambo ya nyumba yangu, na mimi, mwenye ndevu nyeupe na jina la Mtwapa, nilikuwa nikiitikia tu, "Ala! Ala!" Yeye alisoma. Mimi nilizaliwa na jina, nikaona limenitosha.

Na kwenye kaburi lile lile, tulipokuwa tukigeuka, vijana watatu walikuwa wameketi juu yake wakinywa soda na kupigana picha. Nilijua kwa mavazi yao na kwa salamu yao kwamba ni watoto wetu. Niliwanyanyua kwa maneno makali, wakaondoka wakinung'unika. Kisha nikajuta ukali wangu, kwa sababu mimi mwenyewe, nilipokuwa wa umri wao, nilichonga herufi ya jina langu kwa kisu katika ukuta wa gofu moja ambalo sitalitaja. Hakuna mkubwa aliyenifundisha kwamba pale palikuwa pa mtu.

Yule mdogo alichungulia birika akaniuliza mbona halina maji. Nilimjibu kwamba watu walihama. "Wakahamia wapi?" Nikamwambia, "Mombasa. Kwetu." Alinitazama kwa muda mrefu.

Kilifi nitaipita upesi, kama watu wengi waipitavyo tangu daraja lake lilipofunguliwa mwaka 1991 na foleni za pantoni zikaisha. Lakini kabla hujavuka, upande wa kusini wa hori, juu ya jabali, kuna Mnarani. Huko kuna msikiti mkubwa wenye maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwa mkono wa fundi hasa, na kaburi lenye nguzo ndefu. Mji huo uliharibika mwanzo wa karne ya 17, na Wakilifi wakawa watu wa Mombasa. Panda ngazi zile, utakuta ubuyu mkubwa mno, na upepo ambao hautaki kukuacha uondoke.

Na kwa kuwa tuko njiani, acha nikukumbushe mas-ala madogo ambayo kina baba huulizana garini wakabishana. Kwa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu, safari ifupishwayo sala ni ya kilomita themanini na kitu. Mombasa mpaka Kilifi haifiki, ni kama sitini. Mombasa mpaka Malindi ni kama mia na ishirini, basi mwenye kwenda Malindi ana rukhsa ya kufupisha, maadamu hakunuia kukaa siku nne kamili, mbali na siku ya kufika na ya kuondoka. Na rukhsa hii hapewi mwenye safari ya maasi. Hapo kila mtu aulize moyo wake ajua anakwenda Malindi kufanya nini.

Gedi iko kabla ya Malindi, kama kilomita kumi na tano, karibu na njia iendayo Watamu. Watu wetu wengi hupita wakikimbilia mchanga mweupe, na husema kwamba huko Gedi kuna majini. Hata kama wako, si sababu ya kuwaachia mji. Gedi ni mji uliokuwa na ukuta, na ndani yake msikiti wa Ijumaa, jumba la mfalme, na nyumba zilizopangwa vizuri zenye vyoo na mahali pa kujisafishia. Kuna kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Mwingereza James Kirkman alianza kuufukua mwaka 1948, na nyumba alizifukua akazipa majina ya vitu vilivyopatikana humo. Iko nyumba ya mkasi, iko nyumba ya pesa za Kichina, iko nyumba ya kauri. Zilipatikana sahani za Uchina, shanga za Venice na taa ya chuma ya Kihindi. Mji huu hauko hata pwani yenyewe, uko ndani kilomita kadhaa, na dunia nzima iliufikia.

Kisha ukafa, mwanzo wa karne ya 17. Zatajwa vita, zatajwa khofu ya Wagalla waliokuwa wakishuka kutoka kaskazini, na latajwa jambo la maji. Hili la maji ndilo linaloniogofya zaidi. Ukienda utaona kisima kirefu karibu na msikiti mkubwa, na vilionekana visima vilivyochimbwa kisha vikaongezwa kina. Mji wenye sahani za Uchina ulikuwa ukiyafuata maji chini ya ardhi dhiraa baada ya dhiraa. Mwaka 2024 shirika la UNESCO liliuandika Gedi katika urathi wa dunia, kama lilivyouandika mji wa Lamu mwaka 2001 na Ngome ya Mombasa mwaka 2011. Ni fakhari. Lakini msitu unaouzunguka umetunzwa na jirani zake, na tangu mwaka 1993 wakulima wa hapo hufuga vipepeo na kuwauza ng'ambo kwa mradi uitwao Kipepeo, wakapata sababu ya kutoukata. Ukifika, nunua asali yao.

Sasa tumefika Malindi. Nakujua, utataka kwenda moja kwa moja kwenye nguzo ya Vasco da Gama upigwe picha. Nenda. Ni msalaba wa jiwe la Lisbon, na picha yake ni nzuri na bahari nyuma yake. Lakini mtoto akikuuliza, mwambie yote. Da Gama alifika mwezi wa Aprili mwaka 1498, akitoka Mombasa ambako hakupatana na watu. Mfalme wa Malindi alimkaribisha kwa sababu alikuwa na ugomvi na Mombasa, na alidhani amepata rafiki mwenye mizinga. Akampa rubani wa kumvusha mpaka India. Utasikia watu wakisema kwamba rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa bahari wa Kiarabu, na wengine humlaani kwa hilo mpaka kesho. Wamlaani bure. Waandishi wa Kireno wenyewe walimtaja rubani kuwa mtu wa Gujarat, na wataalamu waliolichunguza jambo hili wamemtoa Ibn Majid katika tuhuma hiyo.

Na urafiki ule ulizaa nini? Mwaka 1593 Wareno, baada ya kuishika Mombasa, walimhamishia huko mfalme wa Malindi, wakaanza kuijenga Ngome. Malindi ikabaki bila ya mfalme wala biashara, ikanyauka, ikawa kichaka. Mji ambao mwaka 1415 wajumbe wake walimpelekea mfalme wa Uchina twiga mzima ulikwisha kwa sababu ya kumchukia jirani kuliko kumwogopa mgeni.

Watu wengi husimama hapo na historia. Ukarasa ufuatao hawaupendi. Malindi ilifufuka mwanzo wa miaka ya 1860, chini ya masultani wa Zanzibar, na ikatajirika upesi kwa mtama na ufuta uliopelekwa Arabuni kwa majahazi. Nani aliyelima? Watumwa, kwa maelfu. Wako waliotoroka wakajenga vijiji vyao bara, kama Fuladoyo. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika pwani hii mpaka mwaka 1907. Mimi si mwenye kusema kwamba babu zetu wote walikuwa madhalimu, wala kwamba hawakuacha huru watu kwa ajili ya Mungu, kwani waliwaacha. Nasema kwamba ukimwonyesha mtoto kaburi la nguzo lililoko karibu na msikiti wa Ijumaa, nawe ukajaa fakhari, mwonyeshe pia mashamba. Vyote viwili ni urathi, na mrithi hachagui. Yule kijana wa Kigiriama aliyetutembeza Jumba alijua hilo pia, na kwa adabu yake hakulitaja mbele yangu.

Hoteli za Wazungu zilianza hapa miaka ya 1930. Wataliano walikuja hasa baada ya kuweka mnara wao wa San Marco baharini, kaskazini ya mji, wa kurushia mitambo ya angani, miaka ya 1960. Leo maduka ya Malindi yana vibao vya Kitaliano, na watoto wa mitaani hujibu "Ciao" kabla ya "Marahaba". Na watu huuliza, mbona ufuo wote una kuta na sisi hatuna hata kibanda? Jawabu lina mizizi. Mwaka 1895 Mwingereza alichukua kwa mkataba kazi ya kutawala mwambao wa maili kumi, bendera ikabaki ya Sultani. Mwaka 1908 ikatoka sheria kwamba kila mwenye kudai ardhi alete dai lake na ushahidi wake, na isiyodaiwa iwe ya serikali. Walioelewa karatasi waliandikisha. Wengi wa Mijikenda, na walioachwa huru, na maskini wetu wasiojua njia ya ofisini, hawakuandikisha. Na katika walioandikisha wako waliouza, na kizazi cha tatu kikaja kulinda geti la uwanja wa babu. Ukikaa kwenye mchanga na mkeka wako, ukafukuzwa na askari wa hoteli asogeze mpaka wa bahari, usimtukane. Mara nyingi ni jamaa yako.

Nimeandika ya kaskazini peke yake, na watu wa kusini watanilaumu. Basi wiki mbili baada ya safari ile nilivuka Likoni na wajukuu wale wale, tukaenda Diani. Kule mwisho wa hoteli, mdomoni pa mto Mwachema, chini ya mibuyu, kuna Msikiti wa Kongo. Ni wa karne ya 14 au ya 15, kuta zake nene, dari yake ya mviringo, na ndani mna baridi hata saa saba mchana. Huu si gofu. Watu husali humo mpaka leo, na hakuna tikiti.

Tulifika wakati wa Alasiri. Wageni wawili wa Kizungu waliokuwa wakipita na nguo za kuogelea walisimama mbali walipotuona twavua viatu, wakajifunga kanga zao vizuri, wakangoja. Hakuna aliyewaambia. Yule mjukuu wangu mdogo alikimbia kwanza mahali pa udhu, akatia mguu, akapiga ukelele. Maji yalikuwamo.